Mstaafu wa Dodoma anayetaka bahari: miji mitano ya pwani, kwa mpangilio wangu

Kila mwaka upepo wa Juni unapoanza kukwaruza watu mashavu hapa Dodoma, ofisini hakosekani mtu aliyebakiza miezi michache kustaafu ambaye ghafla huanza kuzungumzia bahari. Mwaka mmoja mtu huyo nilikuwa mimi. Nilishachoka na vumbi, nilishachoka kulala chini ya mablanketi mawili, na magoti yalikuwa yameanza kunisemesha. Nikamwambia mke wangu tutafute pwani. Yeye ni mtoto wa Kongwa, bahari aliiona akiwa mtu mzima, kuogelea hajui na hana mpango wa kujua. Akanijibu, "Baba Neema, bahari nitaitazama. Ila nionyeshe kwanza hospitali iko wapi."

Jibu hilo ndilo lililopanga orodha hii. Tumezunguka kuanzia Tanga hadi Mtwara kwa vipindi, na kila mji tuliuuliza maswali manne: daktari wa saa nane usiku yuko umbali gani, maji ya kunywa yanatoka wapi, wajukuu wa Dodoma watatufikia kwa safari ya namna gani, na jirani akifiwa tutaitwa au tutasikia redioni. Mchanga mweupe na minazi havikuhesabiwa. Pwani yote ina minazi.

Kuhusu fedha nitasema machache, maana kila mstaafu anajua kidonda chake. Mkupuo, yaani fedha unazopewa kwa mara moja ukistaafu, si ule waliopokea kaka zetu. Kikokotoo, yaani kanuni ya kuhesabu mafao, kilichozua kelele 2018, mwaka mifuko ya pensheni ilipounganishwa ikazaliwa PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma, kilirekebishwa 2022 mkupuo ukawa asilimia 33, na bajeti ya 2024/25 ikaufikisha asilimia 40. Zilizobaki zinakuja kidogo kidogo kila mwezi. Kanuni tuliyojiwekea nyumbani ni kwamba kiwanja kinachomeza zaidi ya theluthi ya mkupuo si chetu, hata kama dalali anaapa kwa mama yake.

1. Tanga mjini

Tanga ni mji mzima ulio kando ya bahari, si ufukwe uliobandikiwa maduka. Mitaa yake ilipangwa mapema. Ngamiani barabara zina namba, ukimwambia mwendesha bajaji "barabara ya kumi" amekuelewa. Ardhi ni tambarare, na wazee wa huko wanaendesha baiskeli bila kuonekana vituko. Kwa mtu mwenye magoti kama yangu, huo ni mtaji.

Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo, iko mjini humo humo karibu na bahari. Haitafanya kila kitu ambacho hospitali ya Benjamin Mkapa inafanya hapa kwetu, na ukiwa na tatizo kubwa la moyo utapelekwa Dar es Salaam. Lakini presha ikipanda usiku, kutoka Chumbageni au Raskazone unafika kabla hujamaliza kusali. Maji ya mji yanatoka mto Zigi, kwenye bwawa la Mabayani. Sisi tuliozoea maji ya visima vya Makutupora na ratiba ya mgao tulifungua bomba la nyumba ya wageni kule Sahare asubuhi, mchana na usiku, kama watoto wanaojaribu kitu kipya.

Chakula nacho kina raha yake. Machungwa yanashuka kutoka Muheza, mboga za majani na viazi kutoka Lushoto, samaki yuko mlangoni. Asubuhi ni mahamri na mbaazi. Na ukichoka na joto, Usambara ipo, unapanda gari ukalale Lushoto siku mbili na blanketi lako.

Kasoro ni barabara. Reli ya kisasa haifiki Tanga. Kutoka Dodoma unapita Morogoro, Chalinze na Segera, karibu kilomita 600, na basi litakula siku yako nzima. Sisi tuliigawa safari, treni hadi Morogoro kisha basi, na mgongo ulishukuru. Jambo jingine ni kwamba bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima, Uganda, linaishia Chongoleani, upande wa kaskazini wa mji. Madalali wanalitaja bomba hilo kila mahali, hata wanapouza kiwanja kilicho Pongwe, mbali kabisa na huko. Usilipie bomba ambalo halitakupa chochote.

Watu husema Tanga ni "waja leo waondoka leo". Mimi naona anayeondoka ni yule aliyekuja kwa haraka. Ukikaa barazani, ukasalimia kabla ya kuuliza bei, ukahudhuria misiba miwili mitatu, umeshakuwa wa mtaa.

2. Bagamoyo

Hapa ndipo mke wangu anapogombana nami, kwa sababu kwake Bagamoyo ndiyo ya kwanza. Hoja yake ni treni. Tangu Julai 2024 treni ya umeme inatoka Dodoma hadi Dar es Salaam kwa muda usiozidi saa nne hivi, na ilipoanza nauli ya daraja la kawaida ilikuwa shilingi 31,000. Kutoka Dar hadi Bagamoyo ni kama kilomita 70 za lami. Mjukuu akipanda treni asubuhi, mchana anakula pweza nawe. Na kwa mwenye gari hakuna haja ya kuingia foleni za Dar, kwani ukifika Chalinze unashika njia ya Msata, halafu kilomita 64 za lami zinakushusha Bagamoyo.

Mji ni mtulivu kiasi cha kusinzia. Una magofu ya Kaole, una misheni ya Wakatoliki iliyoanza 1868, una chuo cha sanaa, TaSUBa, hivyo jioni hukosi kusikia mtu anajifunza marimba. Kuna hospitali ya wilaya. Kwa makubwa unakwenda Muhimbili, au taasisi ya moyo ya Jakaya Kikwete, au Ocean Road kwa saratani, na zote ziko Dar. Bila foleni ni mwendo mfupi. Ijumaa jioni ni hadithi nyingine, na ugonjwa hauchagui siku.

Kilichoishusha kwangu ni ardhi. Kwa miaka mingi maeneo ya Zinga, Mbegani na jirani zake yamekuwa ndani ya mipango ya bandari na ukanda maalumu wa kiuchumi. Huko kiwanja kinaweza kuwa kizuri, nyaraka zinapendeza, na bado kikawa ndani ya ramani ya mradi. Ukinunua Bagamoyo, nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri ukiwa na namba ya kitalu, waulize kwa mdomo wako. Usimtume dalali akuulizie.

3. Kigamboni

Kwa mgonjwa wa kudumu, hasa wa moyo, figo au saratani, pandisha Kigamboni iwe ya kwanza na usinisikilize mimi. Hospitali kubwa za nchi ziko ng'ambo ya maji. Daraja lilifunguliwa 2016, na pantoni ya Magogoni bado ipo. Kutoka stesheni ya treni katikati ya Dar hadi pantoni ni bajaji ya dakika chache.

Kibada imepimwa na kupangwa, ina watumishi wengi wastaafu, na utapata wa kuzungumza naye habari za wizara hadi uchoke. Ukienda kusini zaidi, Gezaulole hadi Kimbiji, bei inashuka na umbali wa zahanati unaongezeka. Shida ya huko ni maji: visima vifupi vilivyo karibu na bahari mara nyingi vina chumvi. Onja. Usiulize, onja. Na ujue kwamba kila safari ya gari juu ya daraja ina tozo yake, jambo dogo ukiwa na mshahara, jambo la kuhesabu ukiwa na pensheni.

4. Mtwara

Naipenda Mtwara kuliko nafasi niliyoipa. Shangani ni mtaa wenye hewa, barabara pana, bahari iko mkono wako wa kushoto unapokwenda kununua mkate. Pana Ligula, hospitali ya mkoa, na sasa kuna Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo. Sokoni unakuta ming'oko, mizizi ya porini, iliyochemshwa, korosho na samaki. Watu wana adabu ya kale.

Lakini kutoka Dodoma ni zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipovunja madaraja upande wa Somanga, mikoa ya kusini ilikatika na Dar kwa siku kadhaa. Malaria nayo ni nyingi kusini kuliko hapa Dodoma, na sisi wa bara kavu hatuna ile kinga ya mazoea. Kama una watoto huko, au ulifanya kazi huko miaka kumi, nenda. Kama huna mtu, ni mbali mno kuanza upya ukiwa na miaka 60.

5. Pangani

Pangani ndiyo nzuri kuliko zote kwa macho. Mto unaingia baharini, mashua zinapita, nyumba za zamani zina milango ya nakshi. Tulikaa siku nne na sikutaka kuondoka. Ila mji ni mdogo, shida kubwa ya kiafya inakurudisha Tanga umbali wa kilomita 50 hivi, na bahari imekuwa ikila ukingo hadi mji ukajengewa ukuta wa kuizuia. Kwa mwenye nyumba Tanga, Pangani ni pa kwenda kulala Jumamosi.

Zanzibar sikuiweka kwa sababu sheria yake ya ardhi ni nyingine kabisa na hii ya bara, na kisiwa cha Mafia kwa sababu ya bahari iliyo katikati yako na hospitali kubwa. Kilwa nzuri, mbali. Mbweni na Kunduchi, kule Dar, ni za watu wenye mkupuo wa aina nyingine.

Sasa kiwanja chenyewe. Mwenzangu wa ofisini alinunua pwani mwezi Oktoba, ardhi kavu, nyasi fupi, upepo mwanana. Aliporudi Aprili alikuta vyura. Kiwanja kizima kilikuwa dimbwi, na muuzaji hapokei simu. Kwa hiyo nenda mara mbili, kiangazi na masika. Masika ya pwani ni Machi hadi Mei, na vuli huja kuanzia Oktoba, si kama huku kwetu ambako mvua ni moja tu ya kuanzia Desemba hadi Aprili. Ukiona mikoko au kaa wanaochimba mashimo, maji yatarudi hapo.

Usinunue ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 hairuhusu shughuli ya kudumu humo, na kauli ya dalali kwamba "wote wamejenga" haitakusaidia siku ya kubomolewa. Kiwanja kilichopimwa, chenye bikoni, yaani alama za mipaka, unazoweza kuzikanyaga, kinashinda kikubwa kisichopimwa. Kama ni ardhi ya kijiji, muuzaji mmoja na mwenyekiti wake hawatoshi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imeweka ardhi hiyo chini ya halmashauri ya kijiji, kwa hiyo taka kuona muhtasari wa kikao.

Nyumba ya pwani haijengwi kama ya Ipagala, hapa Dodoma. Chumvi inakula chuma. Mchanga wa ufukweni usiukubali kwenye zege hata ukiletwa bure, maana nondo zitaoza ndani kwa ndani. Mabati chukua geji 28, ambayo ni nene, badala ya 30, madirisha weka alumini, dari iwe juu, na varanda itazame upande upepo unakotoka. Huku Dodoma tunajenga kuukwepa upepo. Kule unauomba.

Jambo ambalo wastaafu wengi wa huku wanalikosea ni mwezi wa kwenda kukagua. Wanakwenda Juni au Julai, wakati kusi inavuma na pwani ni tamu kama zabibu za Hombolo, wanalipa. Februari, kaskazi ikiwa imelegea na usiku shuka linanata mwilini, wanapiga simu nyumbani wakiulizia hali ya hewa ya Dodoma. Kagua Februari. Bora zaidi, kodi nyumba ndogo kabla ya kununua chochote, ukae miezi ya joto na miezi ya mvua.

Sisi tumelipia vyumba viwili Sahare kuanzia Februari hadi Julai. Mke wangu ameshafunga unga wa uwele na mlenda mkavu kwenye ndoo, ana wasiwasi kule hautapatikana. Amekubali kwa sharti moja: Agosti anahamia Bagamoyo miezi sita, na safari hiyo mwenye kubeba ndoo ni mimi.