Bolt: hesabu za Tallinn kwenye foleni ya Mwenge

Ukitaka kujua kwa nini Bolt, programu ya simu ya kuita usafiri, hujulikana kwa bei ya chini, na kwa nini dereva wake hukupigia kuuliza "unaelekea wapi?" kabla hajawasha gari, usianzie Kariakoo wala Westlands. Anzia Tallinn, mji mkuu wa Estonia.

Estonia ina watu takriban milioni 1.3. Dar es Salaam peke yake inawazidi mara kadhaa. Markus Villig alianzisha huduma hii mwaka 2013 akiwa na miaka 19, kwa euro 5,000 alizokopeshwa na wazazi. Kampuni ya Marekani inaweza kukua miaka mingi bila kuvuka mpaka. Ya Estonia ikingoja ikomae kwanza, soko limeshakwisha. Kwa hiyo ilitoka mapema, na ilitoka na mfuko mwembamba. Wapo wanaosifia kodi ya Estonia, ambayo haitozwi hadi faida igawiwe. Ni kweli, ila kampuni changa inayokula hasara haina faida ya kusamehewa kodi. Kilichoibeba ni ubahili: wahandisi wengi wako Tallinn, kila nchi inapewa timu ndogo ya kusajili madereva, kamisheni, yaani sehemu ya nauli anayokatwa dereva, inawekwa chini ya ile ya mshindani mkubwa, Uber, na abiria analipa taslimu akitaka.

Mbinu hiyo iliifikisha Kenya mwaka 2016, ikiitwa bado Taxify. Jina la Bolt lilikuja Machi 2019. London iliwatoa jasho zaidi. Walipita mlango wa nyuma kwa kununua kampuni ndogo iliyokuwa na leseni, wakafungua Septemba 2017, na baada ya siku tatu mamlaka ya usafiri ikawasimamisha. Walirudi Juni 2019.

Sasa huduma yenyewe. Kwa kufika mjini kwa bei nafuu, hasa kwa bodaboda na bajaji, ni ngumu kuipita. Kasoro zake nyingi zinatoka palepale unafuu unapotoka. Chukua mfano wa Nairobi: safari ya kilomita 8 kwa shilingi 400. Kanuni za Kenya za 2022 zinaweka kikomo cha kamisheni kuwa 18%, yaani shilingi 72. Zimebaki 328. Ongeza kilomita 3 za kumfuata abiria. Gari dogo kwenye jam linaweza kumaliza lita nzima kwa kilomita hizo 11. Petroli ikiwa 180 kwa lita, dereva amebakiwa na 148, na bado hajatoa hesabu ya mwenye gari wala bando. Ndiyo maana anauliza unakokwenda, ndiyo maana anataka uongeze kidogo. Si tabia mbaya tu. Nauli iliyopangwa kumvutia abiria inamwachia dereva makombo, naye anachagua safari.

Akikuambia "ghairi wewe", usighairi. Akighairi mwenyewe, rekodi inayochafuka ni yake. Ukighairi wewe, unaweza kutozwa ada, naye anabaki safi. Kama amesimama pale pale kwenye ramani dakika tano, mwandikie ndani ya programu, maana ujumbe huo ndio ushahidi wako ukilalamika. Pini, ile alama ya mahali ulipo kwenye ramani, nayo iwekwe kwa mkono: ukiwa ndani ya jengo refu, simu hukuweka barabara ya pili, na dereva akienda huko atakuhesabu umechelewa. Taslimu iwe noti ndogo. "Sina chenji" ni ugonjwa wa zamani kuliko programu yoyote.

Kabla ya kupanda linganisha namba ya gari, si rangi, na sura ya dereva na picha. Akaunti kukodishwa kwa mtu mwingine ndiyo hatari kubwa kuliko zote katika biashara hii, na inakua penye usajili wa haraka na wasimamizi wachache. Sura isipolingana, usipande, ripoti. Tuma safari kwa ndugu kwa kitufe cha kushiriki; ni sekunde chache.

Tanzania ilionyesha mbinu hii inapogonga ukuta. Mwaka 2022 LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, iliweka kikomo cha kamisheni kuwa 15%. Uber ikasitisha huduma Aprili, na Agosti Bolt ikawafungia magari abiria wa kawaida, ikabakiza wateja wa makampuni. Baadaye kikomo kikapandishwa hadi 25%, magari yakarudi. Dereva aliyeshangilia 15% alijikuta hana abiria wa gari, na abiria akarudi kupatana bei dirishani.

Kwa mizunguko ya mjini mchana, Bolt inastahili nyota nne kati ya tano. Usiku wa manane inashuka hadi tatu, na safari ndefu za pembezoni ni mbili, kwa sababu dereva anajua atarudi mtupu na atakughairi hadi uchoke. Ukiwa na ndege ya alfajiri, usiuamini uwezo wa kupanga safari mapema: oda hiyo haimfungi dereva mpaka aipokee. Mpigie jioni yake dereva wa teksi unayemfahamu, mkubaliane bei kabisa.