Kulala Kando ya Ziwa, Mwanza: Pa Kutanguliza na Pa Kuacha Mwisho

Mtu anayetafuta chumba cha likizo katika mwambao wa Ziwa Victoria hukutana na maneno mawili yanayokaribiana sana katika matangazo, yaani "kando ya ziwa" na "mandhari ya ziwa", na tofauti kati ya maneno hayo ndiyo inayoamua kama fedha zake zimekwenda mahali pake. Miaka michache iliyopita niliwalipia wazazi wangu siku tatu katika nyumba ya wageni iliyojitangaza kuwa ipo ufukweni. Tulipofika, maji yalionekana kwa kusimama kwenye kona ya baraza tu, katika upenyo uliobaki kati ya tangi na ukuta wa jirani, na mama yangu, aliyekuwa na hamu ya kusikia mawimbi usiku, alisikia jenereta. Tangu hapo nauliza jambo moja kabla ya bei: kuna hatua ngapi kutoka mlango wa chumba hadi kwenye maji, na je, mgeni anaruhusiwa kupita njia hiyo?

Kipimo cha pili ni umbali kutoka mji wa kale. Wajerumani waliifanya Mwanza kituo cha utawala na biashara mwaka 1892, na kabla ya reli ya kutoka Tabora kufika mwaka 1928, pamba na ngozi za Usukuma zilivushwa kwa meli hadi Kisumu, ambako reli ya Mombasa ilikuwa imefika tangu mwaka 1901. Ndiyo maana mji huu umeshikamana na gati lake, na anayelala mahali anapoweza kutoka kwa miguu asubuhi akapita bandarini, akaingia mitaa ya Makoroboi na kupanda kilima cha Robert Koch penye jumba kuukuu la Wajerumani, huyo amenunua zaidi ya kitanda.

Kwa vipimo hivyo viwili, Capri Point naiweka ya kwanza, tena kwa mbali. Ni rasi ya mawe inayoingia ziwani kusini-magharibi mwa katikati ya jiji, na upande wake wa magharibi unatazama Ghuba ya Mwanza, hivyo jua huzama mbele ya baraza na si nyuma ya nyumba. Mitaa yake ni mitulivu, ina miti, na mtu mzima mwenye afya hutembea hadi katikati ya mji bila kuchoka. Ofisi ya Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Saanane ipo huko huko, na boti huvuka hadi kisiwani kwa dakika chache. Saanane ilianza kama bustani ya wanyama mwaka 1964, ikawa hifadhi ya taifa mwaka 2013, na kwa familia yenye watoto nusu siku ya kutazama pimbi wakiota jua juu ya majabali inatosha kabisa. Bei za Capri Point ni za juu kuliko za mjini, nami naona zinastahili, kwa sharti kwamba chumba chako kiwe upande wa maji. Katika hoteli nyingi za huko vyumba vya nyuma hutazama barabara au mwamba, ilhali tofauti ya bei ni ndogo. Usikubali kuambiwa kwamba "vyote ni sawa". Omba mhudumu akupigie picha kwa simu akiwa amesimama kando ya kitanda chenyewe.

Ukiwa na siku nne au zaidi, nafasi ya pili naipa Bukoba. Mji huo ulianza mwaka 1890 kama kituo cha Emin Pasha, msafiri aliyekuwa akiitumikia Ujerumani, na mpaka leo baadhi ya majengo ya enzi ya Wajerumani yamebaki katika eneo la karibu na ziwa, kwa hiyo mtu aliyepanga ufukweni anaishi katikati ya historia hiyo. Safari ya meli ya usiku kutoka Mwanza ni sehemu ya likizo yenyewe, ingawa kwa watu wa mwambao huu haisahauliki kamwe kwamba MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikikaribia Mwanza. Kata tiketi ya daraja lenye kitanda, na ukishapanda, hakikisha unajua majaketi ya kuokolea yapo wapi.

Kisiwa cha Ukerewe kinafuata. Nansio, mji wake mkuu, hauna uzuri wa majengo, na vyumba vyake vingi ni vya kawaida sana, lakini bei ni nafuu, samaki ni wabichi, na utulivu wake hauna mfano katika jiji. Kivuko kutoka Mwanza huchukua takriban saa tatu. Mwenye gari anaweza kuzunguka kwa Bunda na kuvuka Kisorya.

Ufukwe wa Ilemela, upande wa uwanja wa ndege, ni wa nne. Hapo ndipo penye nafasi kubwa, mchanga na bustani za kuchezea watoto, na kwa harusi au mikutano pengine ndipo bora. Kwa mgeni aliyekuja kuuona mji wa kale, hata hivyo, nauli za kwenda na kurudi zitakula alichookoa, na mwisho wa juma muziki huweza kuendelea hadi usiku wa manane. Uliza kama kuna sherehe siku utakazokuwepo.

Popote utakapochagua, yapo mambo yanayohusu ziwa lenyewe, nami nayatilia mkazo kwa sababu matangazo hayayasemi. Kichocho kipo. Vimelea vyake hutoka kwa konokono wanaoishi kwenye maji yaliyotulia na yenye majani, nao huingia mwilini kwa kupenya ngozi, kwa hiyo watoto wasichezeshwe kwenye kina kifupi hata kama wenyeji wanaoga hapo. Hoteli yenye bwawa la kuogelea lililotunzwa vizuri inastahili kulipiwa zaidi kwa sababu hii pekee. Chandarua kizima na nyavu za madirishani ni lazima, kwa ajili ya mbu na pia kwa vijidudu vya ziwani vinavyozuka kama moshi na kufuata taa. Magugumaji nayo husukumwa na upepo, hivyo ghuba iliyo safi leo huweza kufunikwa kesho. Piga simu siku mbili kabla ya kusafiri. Tena maji ya ziwa yalipanda isivyo kawaida mwaka 2020 na mwaka 2024, yakafikia majengo yaliyokaribia mno ukingo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni, na binafsi sioni raha ya kulala katika nyumba iliyojengwa kwa kuukaidi umbali huo.

Msimu mzuri ni Juni hadi Septemba, mvua zikiwa zimekatika. Krismasi vyumba vya upande wa maji hujaa mapema, kwa kuwa Wasukuma wengi hurudi nyumbani.

Ikiwa Capri Point imejaa, usikimbilie gesti yoyote iliyo karibu na mwalo wa Kirumba. Samaki wa hapo ni wa kununua mchana, lakini usiku kuna harufu, malori na kelele za wapakuaji. Panda Isamilo, mtaa wa kilimani. Huko kuna mandhari ya ziwa bila ziwa, nao wenye vyumba wengi husema hivyo waziwazi na kutoza kwa kadiri. Saa kumi na moja jioni chukua bajaji ushuke Kamanga, usimame karibu na gati la kivuko, ulitazame Jiwe la Bismarck, lile jabali lililosimama majini, mpaka giza liingie.