Uzoefu wangu: miaka 2 ya binti yangu bweni Oxford

Wazazi wenzangu, naandika hii maana mimi wakati nahangaika kutafuta shule sikupata wa kunielezea kwa lugha yetu. Binti yangu kasoma shule moja ya kimataifa pale Oxford, ina wa bweni na wa kutwa, kaingia Septemba 2023 kamaliza Mei 2025, mtaala wa IB (International Baccalaureate), ule wa kimataifa wa miaka miwili kabla ya chuo kikuu. Sisi tunaishi Dar.

Kilichonigusa kuliko vyote ni Kiswahili. IB ni masomo 6, kila somo mwisho alama 7, halafu kuna insha ya maneno 4,000 na somo la TOK (Theory of Knowledge, yaani nadharia ya maarifa) vinavyoleta alama 3 za juu, jumla 45. Sasa somo moja lazima liwe fasihi ya lugha unayoimudu, binti akauliza kama Kiswahili kinawezekana. Shule haina mwalimu wa Kiswahili ila IB inaruhusu mwanafunzi ajisomee huku mwalimu anamsimamia, wakakubali bila longolongo. Vitabu nikanunua huku nikamfungashia kwenye begi. Basi kila Jumapili saa mbili usiku, kwao saa kumi na moja jioni wakati wa baridi, ananisomea uchambuzi wake kwa WhatsApp, akikosea methali namsimamisha tunairudia. Mtoto aliondoka anachanganya lugha, leo anaandika Kiswahili kilichonyooka, tena kakisomea Uingereza!

Bwenini Desemba ya kwanza ilikuwa ngumu, saa kumi jioni jua limeshazama, mtoto akawa analia tu anajifungia. Matroni aligundua mwenyewe kabla sijasema, kila jioni anamwita jikoni wanakunywa chai wawili mpaka akazoea. Yule mama namuombea mpaka leo.

Mji ni salama, wanatembea kwa miguu au baiskeli, Jumamosi wanazunguka Covered Market, soko la tangu miaka ya 1770, na mabasi ya London ni mchana na usiku. Ila msichanganye, shule kuwa Oxford haimaanishi ni ya Chuo Kikuu cha Oxford, kuna wakala alitaka kuniaminisha hivyo.

Kilichoniuma ni hela. Likizo ya katikati ya muhula bweni linafungwa, shule inataka mtoto awe na mlezi aliyeko Uingereza, na malipo ya huyo mlezi hayakuwemo kwenye karatasi ya ada niliyopewa, nimekuja kujua Oktoba siku chache kabla ya kufunga, nikakopa. Halafu Januari 2025 serikali yao ikaweka VAT asilimia 20 kwenye ada za shule binafsi, na shule ikatupia wazazi karibu yote. Na bado kuna ile hela ya huduma za afya unayolipa pamoja na viza, pauni 776 kwa mwaka, nayo uiweke kwenye hesabu mapema.

Mdogo wake akifika umri nitampeleka hapohapo, ila safari hii nataka gharama zote kwa maandishi, ya mlezi ikiwemo, ndio nilipe dipoziti.