RAMMap: inakuonyesha RAM ya seva imeliwa na nani

Ndugu watazamaji, habari za leo. Kama umewahi kuhangaika na seva ya hifadhidata ambayo RAM imejaa na humjui mlaji, video hii ni yako. Tunaangalia RAMMap, programu ya bure ya Sysinternals, mkusanyiko wa zana za Windows kutoka Microsoft. Huhitaji hata kuiinstoli: pakua, bofya kulia, iendeshe kama msimamizi.

Mimi ilinikuta kwenye seva ya SQL Server, hifadhidata ya Microsoft, yenye RAM ya GB 64. Task Manager inasema zimetumika GB 62, lakini nikijumlisha programu zote sipati hata GB 25. Nimekesha na hesabu hiyo, jamani!

Nikafungua RAMMap. Tazameni hapa, ukurasa wa kwanza, Use Counts. Mistari ya kukodolea macho ni miwili: AWE na Driver Locked. Ukikuta AWE ndiyo kubwa, tulia: ni SQL Server yenyewe, imepewa ruhusa ya kufunga kurasa zake, yaani vipande vyake vya RAM, zisihamishiwe kwenye diski, na RAM ya namna hiyo Task Manager haiihesabu kwenye mchakato wake. Thibitisha ndani ya SQL Server kwa kusoma jedwali la mfumo liitwalo sys.dm_os_process_memory, safu ya locked_page_allocations_kb.

Kwangu AWE ilikuwa sifuri. Driver Locked, yaani RAM iliyofungwa na draiva, ikasoma GB 34.

Draiva gani? Seva yetu ilikuwa mashine pepe ya VMware, yaani kompyuta ya kiprogramu inayoishi na nyingine ndani ya kompyuta moja halisi, mashine mama. Mashine mama ikiishiwa RAM, draiva ya puto iliyomo ndani ya Windows yako inavimba: inashika RAM, inaifunga, kisha mashine mama inazipa mashine pepe nyingine. Kwa kawaida puto linaweza kufika asilimia 65 ya RAM ya mashine yako. Kwa hifadhidata hilo ni balaa, maana data inarudi kusomwa diskini. Tuliomba seva yetu itengewe RAM yake yote, puto likasinyaa bila hata kuwasha upya.

Sasa kasoro zake. Namba hazijisasishi, lazima ubonyeze F5. Na ile menyu ya Empty, nawasihi, msiiguse kwenye seva inayohudumia watu. Inafukuza kurasa za programu kutoka kwenye RAM na kila kitu kinakuwa kizito.

Kubwa zaidi, haikutajii jina la draiva iliyofunga RAM. Hapo nenda vSphere, mfumo wa kusimamia mashine pepe za VMware, angalia kipimo cha Ballooned cha mashine yako. Kikiwa juu ya sifuri, mlaji umempata.