Goti langu, vidato 22 na fizio wa Kisumu

Niliumia kwenye mechi ya walimu na wanafunzi, uwanja wa shule hapa Chavakali. Mvua ilikuwa imenyesha tangu saa nane. Mguu wa kulia ulinasa kwenye tope, mwili ukageuka, mguu ukabaki palepale. Sikuanguka. Nilicheza dakika kumi zaidi, kisha nikatoka nikichechemea huku darasa la nane likinishangilia kwa furaha isiyo na adabu. Usiku goti lilikuwa zima kwa kuliangalia. Asubuhi lilikuwa papai.

Zahanati niliyoanzia, jina naliacha, walinipiga eksirei kabla hata ya kuniuliza nimeumiaje. Mifupa iko sawa, wakasema, hiyo ni baridi. Sindano moja, vidonge vya siku tano, nenda nyumbani. Mama mkwe akaafiki kwamba ni baridi, na kwa nini nilikuwa nimekalia sakafu ya simiti mwaka mzima? Nikanunua soksi ya goti kwa shilingi 700, nikaivaa wiki tano. Soksi yenyewe si mbaya. Inatia joto na inakukumbusha usijitie ujana. Ila haizuii goti kujipinda, na ukinunua inayobana sana, mguu unakufa ganzi kabla matatu haijafika Majengo.

Kilichonipeleka Kisumu ni choo. Nikichuchumaa nilikuwa naweza. Kuinuka ndiko kulikuwa shida. Siku moja goti lilikwama nusu njia, nikabaki nimeshikilia mlango, nikisubiri likubali.

Kwa hiyo hii ndiyo tathmini yangu ya kliniki ya fiziotherapia (tiba ya mikono na mazoezi) niliyokwenda, maana kwenye stafurumu nimeulizwa mara nyingi na nimechoka kurudia.

Ubaya kwanza. Iko ghorofa ya juu na hakuna lifti. Vidato 22, nimevihesabu. Kliniki ya magoti! Miadi ya saa tatu niliingia saa tano kasoro. Bima yangu hawakuikubali, kwa hiyo nililipa mfukoni: shilingi 2,000 siku ya kwanza na 1,500 kila niliporudi. Nimerudi mara saba, hesabu fanyeni wenyewe.

Lakini kwenye benchi la kusubiri nilijifunza mengi. Kijana wa mpira wa kikapu aliniambia goti lake lilipasuka "paa!" akitua, na kabla ya saa mbili kupita lilikuwa limefura kama mpira wenyewe. Lake ni kano ya msalaba ya mbele, ile kamba ya ndani ya goti inayozuia muundi usiteleze mbele, imekatika. Mama anayeuza samaki alisema yake hayana tukio lolote, yamekuja polepole kwa miaka. Akiamka yamekaza, akitembea kidogo yanalegea, jioni yanawaka. Hilo ni gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa, linalolika. Msichana wa sekondari, mkimbiaji, alikuwa na kinundu chini kidogo ya pia ya goti, pale kano inaposhika mfupa wa muundi. Hicho huwapata wanaokua haraka huku wakikimbia na kuruka sana. Watu wanne, maumivu ya goti wote, na hakuna aliyekuwa na ugonjwa wa mwenzake.

Nilipoingia nikamwita daktari. "Mimi ni fizio, mwalimu. Pole. Hebu niambie siku ile ilikuwaje." Dakika ishirini nzima alikuwa akiuliza tu. Mguu ulikuwa umekanyaga chini au hewani? Ulivimba saa ngapi? Ukishuka ngazi? Ukiwa chooni? Nikaona haya kidogo, maana ana umri wa wanafunzi wangu wa zamani, lakini nikasema yote.

Kisha mikono. Alilikunja goti kidogo, akashika paja kwa mkono mmoja na muundi kwa mwingine, akavuta muundi mbele. Kano ya msalaba ikiwa imekatika, muundi unateleza bila kukomea. Wangu ulikoma. Baadaye akakunja goti mpaka kisigino kikakaribia tako, akauzungusha wayo, akaanza kuunyoosha mguu polepole, kidole chake kimetulia kwenye ufa wa upande wa ndani. Tk. Tukatazamana.

Ni meniskasi, akasema: vipande viwili vya gegedu, umbo la mwezi mwandamo, vinavyokaa kati ya mfupa wa paja na muundi kama mito. Cha ndani kimechanika. Eksirei isingeweza kukionyesha, kwa sababu eksirei inaonyesha mfupa. Nikauliza kuhusu MRI, ile picha ya sumaku inayoonyesha hata gegedu, nikiwa tayari kuuza mbuzi. Akasema tungoje. Goti likikwama likakataa kabisa kunyooka, au mazoezi yasiposaidia kwa wiki kadhaa, hapo ndipo picha na daktari wa mifupa. Ukingo wa nje wa meniskasi unapata damu na unaweza kupona. Sehemu ya ndani damu yake ni haba, na hakunificha hilo.

Dawa yangu ikawa leso ya mke wangu. Unaikunja, unaiweka chini ya goti ukiwa umelala, unaigandamiza kwa nguvu, unahesabu hadi tano, unaachia. Mara kumi, asubuhi na jioni. Halafu kuinua mguu ulionyooka. Mazoezi ya kitoto, nilifikiri, mpaka paja likaanza kutetemeka kwenye mara ya sita. Wiki ya tatu sikuwa nikishika tena mlango wa choo.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano wameipoteza kwa ngazi. Soksi nimemwachia kijana wangu, anaivaa akidaka, kwenye mguu usiouma. Jumamosi narudi mara ya mwisho; kupanda vidato 22 sasa ni rahisi, kushuka bado nashika chuma.