Ski za kupandia milima: kipi ununue kwanza, kipi kisubiri

Kila mwezi wa kumi na moja, theluji ikishashika kule Kananaskis, milima iliyo karibu na Calgary, Kanada, simu yangu huanza kupokea picha za ski. Mtu kazikuta zimeshushwa bei dukani, au kaona za mtumba mtandaoni, anataka kujua kama zinafaa. Swali langu ni lile lile: transiva unayo? Anacheka. Transiva ndiyo nini, kaka? Ni kiredio cha kumtafutia mtu aliyefunikwa na theluji.

Wengi wetu tunaanzia mkiani. Ski zina rangi, zinapendeza kwenye picha, kwa hiyo pesa zinaenda huko, wakati kwa anayeanza zingekaa karibu na mwisho wa orodha. Mimi nimepanga kwa kigezo kimoja tu: kitu gani kikikosekana mtu anaweza asirudi nyumbani. Bei ni za huku Calgary, dola za Kanada, na ni makadirio, maana hupanda na kushuka na msimu.

Kwa ambaye hajauona mchezo wenyewe: unabandika ngozi, yaani utepe wa kitambaa chenye vinyoya, chini ya ski, kisigino kinabaki huru, unapanda mlima hatua kwa hatua bila kurudi nyuma. Ukifika juu unabandua ngozi, unafunga kisigino, unashuka. Lifti hakuna. Na hakuna wale watu wa doria wanaolipua miteremko asubuhi na mapema ili theluji iporomoke kabla hujafika. Mlima unaukuta kama ulivyolala.

1. Kozi

Utasema kozi si bidhaa. Unailipia, kwa hiyo ni manunuzi, na kwangu ndiyo ya kwanza. Huku inaitwa AST 1, yaani hatua ya kwanza ya mafunzo ya maporomoko ya theluji, na mtaala wake unasimamiwa na shirika la Avalanche Canada. Ni siku mbili, kati ya hizo moja nzima iko mlimani, na kwa kawaida inagharimu kama dola 300 hadi 400.

Nimezaliwa Moshi. Theluji nimekua nikiitazama kwa mbali, pale juu Kibo, kama kilemba. Sikuwahi kufikiri kwamba ina matabaka. Kwenye kozi mwalimu alichimba ukuta wa theluji wima, akapitisha kidole taratibu kutoka juu kwenda chini, kikasimama kwenye mstari mwembamba wa kijivu. Hiyo ilikuwa sakitu ya wiki tatu nyuma. Usiku wa baridi kali na mbingu safi, uso wa theluji huota sakitu, vijani vyembamba vinavyometa kama magamba ya dagaa. Theluji mpya ikivifunika kabla havijavunjika, vinabaki humo chini vimesimama wima kama karata, na juu yake linalala bamba zima la theluji. Linangoja uzito wa mtu ili likatike na kuporomoka. Linaweza kungoja wiki kadhaa, na kwa macho tu huwezi kuliona.

Kozi inakufundisha pia kusoma taarifa ya hatari inayotolewa kwenye avalanche.ca: ngazi tano, zikipangwa kwa kanda tatu za mlima, yaani juu ya miti, ukomo wa miti, na ndani ya miti. Inakufundisha kwamba mabamba mengi hukatika kwenye mteremko wa nyuzi 30 hadi 45, ambao kwa bahati mbaya ndio mtamu zaidi kushuka. Ukijua kupima mteremko na kuchagua ulio chini ya nyuzi 30 usio na mlima mkali juu yake, umeshaondoa sehemu kubwa ya hatari kabla hujagusa pochi.

Wakanada hawakufika hapa bure. Tarehe 20 Januari 2003 watu 7 waliuawa na poromoko kwenye milima ya Selkirk. Siku 12 baadaye, tarehe 1 Februari, poromoko jingine likaua wanafunzi 7 wa sekondari karibu na Rogers Pass, waliokuwa kwenye safari ya shule. Baridi ile ilipokwisha, maporomoko yalikuwa yameua watu 29 nchi nzima. Kituo cha taifa cha tahadhari kilianzishwa mwaka uliofuata, na hifadhi za taifa zikaanza kuweka njia kwenye madaraja matatu: rahisi, yenye changamoto, na tata. Baridi yako ya kwanza, kaa kwenye rahisi. Rogers Pass penyewe pasikie tu kwa sasa. Kule jeshi hupiga mizinga kuangusha theluji iliyo juu ya barabara kuu, na baadhi ya maeneo huruhusiwi kuingia bila kibali cha baridi hiyo.

2. Transiva, koleo na fimbo

Vitu hivi vitatu ni kama mafiga, ukitoa kimoja chungu hakikai. Transiva ni kiredio kidogo unachovaa kifuani. Muda wote kinatuma ishara kwenye masafa ya 457 kHz, na mwenzako akifunikwa unageuza cha kwako kiwe cha kupokea. Kinakufikisha karibu naye. Fimbo ndefu inayokunjwa inakuonyesha alipo hasa na yuko kina gani. Koleo, au chepe kama mnavyosema kwenu, ndilo linalomtoa. Kila mtu kwenye kundi avae na abebe vyake, maana vya kwako ni vya kumwokoa mwenzako, na vinavyokuokoa wewe ni vya kwake.

Muda ni mfupi mno. Nafasi ya kumkuta mtu hai ni kubwa akifukuliwa ndani ya dakika 10 hivi, baada ya hapo inaporomoka vibaya. Helikopta haiwezi kuwahi dakika hizo. Anayewahi ni yule mliyekuja naye kwenye gari.

Kwa transiva, ninavyozipanga ni hivi.

Juu kabisa ni ya dijitali yenye antena tatu, modeli nyepesi kutumia, ya dola 350 hadi 450. Mshale, namba, na kitufe cha kuweka alama kwa aliyekwisha kupatikana ili uendelee kumtafuta wa pili. Hiyo inatosha. Mammut, Ortovox, BCA na Arva wote wanazo, na kwa kuwa masafa ni yale yale dunia nzima, ya kampuni moja inasikia ya kampuni nyingine.

Ya pili ni modeli kubwa za dola 500 kwenda juu: zinasikia mbali zaidi, zinaunganishwa na simu kwa ajili ya masasisho, zina menyu ndefu. Ni nzuri kwa waongozaji. Kwa mgeni, menyu ndefu na mikono inayotetemeka haviendani.

Ya tatu ni ya mtumba, ila iwe ya dijitali, yenye antena tatu, isiyozidi miaka mitano, na iwe ya mtu unayemjua. Fungua kibanda cha betri kabla hujatoa hela. Ukiona unga wa kijani au mweupe, mrudishie kwa heshima.

Za zamani za analogi zinazoelekeza kwa mlio tu, hata ukipewa bure usichukue. Programu za simu zinazodai kufanya kazi ya transiva ndiyo kabisa: Oktoba 2013 kituo cha tahadhari cha Kanada kilitoa onyo la wazi dhidi yake, na sababu zilizotajwa wakati ule, yaani masafa tofauti na nguvu ndogo ya kupenya theluji, bado zipo. Simu yenyewe ni adui wa transiva. Iweke mbali nayo angalau sentimita 20 mnapotembea, na mnapotafuta mtu izime au ifike sentimita 50. Betri ziwe zile mtengenezaji alizozitaja, kwa nyingi ni alkalini. Za kuchaji hapana, kwa sababu asilimia inayoonekana kwenye kioo huwa inadanganya.

Halafu ujizoeze. Mara ya kwanza nilipotafuta begi lililofukiwa, maegeshoni tu, namba za umbali kwa mita zilikwenda 38, 31, 24, nikaanza kukimbia, nikazipita, 29, 35, nikageuka nikiwa nimeshavurugikiwa. Mwalimu akaniambia kitu kimoja: ukifika chini ya 10, inama, weka kifaa juu ya theluji kabisa, kisogeze polepole kama unapiga pasi. Nikapata 1.2. Nikaanza kuchoma fimbo kwa mzunguko, kila baada ya sentimita 25, na choma la tano likagonga kitu laini. Ulaini ule mkononi huwezi kuusahau. Ilinichukua dakika 7, na lilikuwa begi moja tu mahali tambarare.

Fimbo: aluminiamu, urefu wa sentimita 240 au zaidi, dola 60 hadi 100. Za kaboni ni nyepesi kidogo na ghali zaidi, achana nazo. Koleo: bapa la aluminiamu, si la plastiki, kwa sababu theluji iliyoporomoka hugandamana kama zege. Mpini uwe wa kurefushwa. Kumfukua mtu aliye mita moja chini mnaweza kuhamisha tani nzima ya theluji, kwa hiyo koleo dogo la kupendeza litawachosha bure. Maduka mengi huuza seti ya vyote vitatu kwa dola 450 hadi 550, nayo ndiyo ninayoipendekeza.

3. Buti

Kwenye vifaa vyenyewe vya ski, buti ndizo pekee ninazosema ununue mapema. Ski ya kuazima utaizoea kwa siku moja, lakini buti isiyokukaa itakufukuza mlimani saa tano asubuhi. Nenda dukani alasiri, miguu ikiwa imeshavimba kidogo, na soksi moja nyembamba, uvae nusu saa nzima ukizungukazunguka. Kidole gumba kiguse mbele ukisimama wima, kirudi nyuma ukikunja goti. Hakikisha ina vishimo vya chuma pembeni mwa ncha na kisiginoni, kwa ajili ya vifungio vya pini, yaani vinavyoshikiza buti kwenye ski, maana buti za kawaida za kwenye lifti nyingi hazina. Mpya ni dola 600 hadi 900. Mimi nilianza na za mtumba zilizozidi saizi moja kwa sababu zilikuwa dola 150, na malengelenge yake yalinilaza sebuleni na kandambili wikiendi nzima.

4. Ski, vifungio na ngozi

Hapa mpangilio wangu ni kukodi, kisha mtumba, kisha mpya. Kituo cha michezo ya nje cha Chuo Kikuu cha Calgary hukodisha, na yako maduka mengine. Seti nzima hugharimu dola 50 hadi 70 kwa siku. Kodi mara tano sita, ujue kwanza kama mchezo unakupenda.

Ukija kununua, upana wa katikati wa milimita 88 hadi 100 unatosha milima ya huku, na urefu uishie kati ya pua na utosi wako. Vifungio chukua vya pini, mtindo uliobuniwa na Mwaustria Fritz Barthel miaka ya 1980 na kuenea kwa jina la Dynafit. Vile vya fremu nzima vinavyoinuka na mguu ni vizito, utavijutia kwenye mwinuko wa kwanza. Mtumba wa ski ni halali, ila vifungio lazima fundi avipime upya kwa uzito wako na buti zako. Ngozi ziwe za mchanganyiko wa moheya na nailoni: moheya inateleza, nailoni inashika na kudumu. Ngozi za mtumba sinunui. Gundi ikishachoka, zinabanduka katikati ya mlima, na kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri hazishiki tena.

5. Begi lenye puto

Hili ndilo watu wanaliulizia sana, maana wameliona kwenye video: unavuta kishikio, puto linafumuka mabegani, linakusaidia kubaki juu ya theluji inayotembea. Linasaidia kweli. Utafiti uliochapishwa 2014 ulikuta kwamba kwa watu walioburutwa vibaya, vifo vilishuka kutoka asilimia 22 hadi 11. Lakini lina bei ya dola 900 hadi 1,800, na halikukingi usigongwe na miti. Huku Kanada karibu robo ya vifo vya maporomoko husababishwa na majeraha, si kukosa hewa. Kwa pesa hiyo unalipa kozi, unanunua seti ya uokoaji, na chenji inabaki ya kukodi ski mara kadhaa. Begi la puto lingoje baridi ya tatu.

Vidogo vilivyobaki: kofia ngumu, ndiyo. Kifaa cha ujumbe wa setilaiti, kimoja kwa kundi, kwa sababu mabonde mengi hayana mtandao. Koti la manyoya unalovaa kazini linatosha kwa mapumziko. Chai ya tangawizi kwenye chupa, usiulize.

Msimu uliopita tulikuwa wanne pale maegesho ya Burstall Pass, saa mbili asubuhi, tunapimana transiva kabla ya kuondoka. Mmoja anasimama mbele, wengine wanampita mmoja mmoja, kila kifaa kisikike. Cha mwenzetu mgeni hakikusikika. Alikuwa amekiazima jana yake, na kwenye kioo kiliandika betri asilimia 90. Tulipokifungua, waya mmoja ulikuwa umeliwa na kutu. Cha ziada hatukuwa nacho. Tukapakia ski tena juu ya gari, tukarudi Canmore kunywa chai, na yeye ndiye aliyelipa.