Michoro mitatu ya waya kwa Beetle moja: uzoefu wangu

Nikikanyaga breki, indiketa ya mbele kushoto ilikuwa inawaka. Haipepesi, haing'ai, imefifia tu kama kaa la moto wa jana. Nikiachia breki inazimika. Fundi wa kwanza akabadilisha balbu. Wa pili akabadilisha relei ya indiketa, kile kifaa kinachoifanya ipepese, akanihakikishia kuwa sasa tumemaliza, na kabla sijatoka getini nikakanyaga breki nikaona kaa langu limerudi. Hapo nikaamua kutafuta mchoro wa waya wa gari lenyewe, nifuatilie mwenyewe.

Gari ni Volkswagen Beetle. Kadi inasema ni la 1971, na kadi hiyo ndiyo iliyonipoteza njia kwa wiki tatu.

Nilianza na kitabu cha ufundi ambacho nilikuwa nacho siku nyingi. Kwa breki, kabureta na valvu kitabu hicho sina ugomvi nacho. Kwa umeme, hapana. Mchoro wa gari zima umebanwa kwenye kurasa mbili zinazotazamana, mistari yote ni myeusi, na nusu ya nyaya zinazotoka dashibodi kwenda nyuma zinazama kwenye mshono wa kitabu. Unaona waya unaingia kwenye mkunjo, upande wa pili zinatoka saba zilizopangana kama mistari ya daftari, na wewe ubahatishe ni upi wako. Rangi zimeandikwa kwa herufi za Kijerumani: ro, sw, ge, br. Ufunguo wa herufi hizo uko ukurasa mwingine, ambao mimi kwa kiburi changu sikuufungua.

Kiburi kilitoka wapi? Umeme wa magari nilijifunzia kwenye Land Rover ya zamani. Kwenye magari ya Kiingereza ya enzi zile, yenye mfumo wa umeme wa kampuni ya Lucas, waya wa kahawia ni moto wa moja kwa moja kutoka betri, na ethi, yaani njia ya umeme kurudi betri kupitia bodi ya gari, ni waya mweusi. Hilo liliniingia damuni. Kwa hiyo nilipokuta nyuma ya dashibodi waya wa kahawia umechomoka na unaning'inia, nikasema huyu anasubiri umeme. Nikaugusisha kwenye pini ya fyuzi inayopokea waya mwekundu.

Cheche, moshi mwembamba, harufu ya plastiki. Wajerumani, ndugu zangu, kahawia kwao ni ethi. Moto wa betri ni mwekundu, na mweusi ni ule unaopata umeme ukishawasha swichi. Yaani rangi ileile ambayo kwenye gari moja unaifunga kwenye bodi bila wasiwasi, kwenye gari jingine inaweza kukuunguzia wayaringi nzima. Nilinusurika kwa sababu mkono uliruka wenyewe kabla akili haijaelewa. Kosa lilikuwa langu, kitabu hakina hatia hapo, ila mchoro wa rangi ungeniepusha nalo.

Mchoro wa pili niliupakua bure mtandaoni. Ulikuwa picha ya karatasi ya zamani, ukungu kidogo, lakini herufi zinasomeka na juu yake pameandikwa Beetle 1971. Nikauchapisha kwa vipande vinne, nikaviunga kwa selotepu, nikautundika ukutani. Jioni mbili nilizunguka na karatasi ile nikitafuta vitu ambavyo gari langu halina. Kuna mlio wa kumkumbusha dereva kwamba ameacha ufunguo kwenye swichi. Langu halijawahi kulia. Swichi ya breki kwenye mchoro ina pini tatu, yangu ina mbili. Siku ya pili ndipo nilipogutuka: huu ni mchoro wa gari la soko la Marekani. Kule waliwekewa mlio wa ufunguo, na ile pini ya tatu inalisha taa ya kuonya kwamba upande mmoja wa breki umefeli. Mchoro wenyewe ni sahihi kabisa, tatizo ni kwamba ni wa gari la mtu mwingine.

Na upande wa injini mambo yakawa kinyume: kitu ambacho gari linacho, mchoro hauna. Ndani ya chumba cha injini kuna soketi nene ya pini nyingi, nyaya zake zinakwenda kwenye koili, jenereta na kwingineko. Kwa muda nilidhani ni uchafu wa redio au kengele ya wizi ulioachwa na mwenye gari wa zamani. Nilikuwa nimeshashika koleo. Bahati nzuri sikukata.

Ndipo nikanunua wa tatu, huu ninaouandikia. Ni karatasi kubwa ya rangi, imefunikwa plastiki, inauzwa na muuzaji mdogo wa mtandaoni anayechora michoro ya magari ya zamani. Kilichonivutia kabla ya yote ni swali lake. Hakuuliza gari la mwaka gani. Aliniomba tarakimu za mwanzo za namba ya chesisi, na kama taa kubwa ni za Ulaya au za Marekani.

Namba hiyo imegongwa kwenye chuma cha katikati, chini ya kiti cha nyuma. Nikainua kiti, nikafuta vumbi kwa kitambaa chenye dizeli: 112 halafu tarakimu nyingine saba. Akanijibu kwa mstari mmoja kwamba gari ni modeli ya 1972. Kwenye Beetle za miaka hiyo, tarakimu ya tatu ndiyo ya mwisho ya mwaka wa modeli, na Volkswagen walikuwa wanaanza modeli mpya kila Agosti. Gari lililotoka kiwandani Oktoba 1971 ni la 1971 kwa kalenda na kwa kadi, lakini nyaya zake ni za 1972. Ile soketi niliyotaka kuikata ni ya mashine ya uchunguzi ya karakana zao, na ilianza na modeli hiyo. Februari 1972 Beetle ilivunja rekodi ya Ford Model T ya gari lililotengenezwa kwa wingi zaidi, kwa gari namba 15,007,034, na ukiziangalia kwa mbali unadhani zote hizo ni gari moja. Ndani ya dashibodi ni hadithi nyingine.

Sasa mchoro wenyewe. Kila waya una rangi yake na mstari wake mwembamba wa rangi ya pili. Namba za pini zimeandikwa kama zilivyo kwenye chuma cha gari: 30 ni moto wa betri, 15 ni moto wa swichi, 31 ni ethi, 50 ni stata, 54 ni taa za breki, 49a ni umeme unaotoka relei ya indiketa. Ukishazizoea namba hizi hutafuti tena jina la kitu, unasoma namba kwenye soketi na kuitafuta kwenye karatasi. Kwangu hili peke yake limelipa gharama.

Kwa lile kaa la moto nilitumia dakika kumi. Niliweka kidole kwenye taa ya nyuma kushoto. Unaingia waya mweusi wenye mstari mwekundu, huo wa breki. Unaingia mweusi wenye mstari mweupe, wa indiketa ya kushoto. Na kuna mstari mfupi unaoshuka kwenye ethi. Nikajiuliza, mstari huu mfupi ukikatika? Umeme wa breki utaingia kwenye balbu na kukosa pa kushukia, kwa hiyo utapita kwenye balbu ya indiketa iliyo jirani, urudi kwa ule waya mweusi-mweupe hadi mbele, na kushukia ethi ya indiketa ya mbele. Balbu tatu zinagawana volti 12, ndiyo maana zote zinafifia. Nilikwenda nyuma kuangalia na kweli, taa ya breki ya kushoto ilikuwa dhaifu kuliko ya kulia. Hakuna aliyewahi kuiangalia, mimi nikiwemo, maana mkanyaga breki haoni nyuma.

Mafundi hawakuiona hitilafu kwa sababu pale hapakuwa na waya uliokatika. Taa ilikuwa inapata ethi kupitia mwili wa gari, na madigadi yalikuwa yamepigwa rangi upya. Rangi nzuri, nene, hadi chini ya nati. Nikafungua, nikasugua kwa msasa hadi chuma cheupe, nikaongeza na waya mfupi wa ethi kwa usalama. Nikakanyaga breki huku jirani akichungulia mbele. Akasema haiwaki.

Kasoro zipo. Kijivu na nyeupe kwenye karatasi hii zinakaribiana mno, na usiku chini ya taa ya simu nilizichanganya mara mbili. Waya mmoja wa taa ya namba umechapwa rangi ambayo si ya gari langu. Inawezekana wangu ndio uliobadilishwa, lakini tangu hapo kila waya naupima kwa taa ya kupimia kabla ya kuugusa. Jambo kubwa zaidi ni kwamba mchoro unakuonyesha waya unatoka wapi na kwenda wapi, haukuonyeshi unapita wapi. Kidhibiti cha chaji utakiona vizuri kwenye karatasi, ila kwamba kimejificha chini ya kiti cha nyuma, kushoto, mkabala na betri, hilo utalitafuta kwa magoti. Picha moja ndogo ya gari kwa juu ingetosha.

Nyota nne kati ya tano. Kama unatafuta wa kwako, inua kiti kwanza, na muuzaji anayeuliza mwaka peke yake mwache. Ule wa bure sijautupa, niliutumia kufunga taa ya kurudi nyuma kwa sababu maandishi yake ni makubwa kuliko ya huu. Bado nina waya mmoja wa zambarau nyuma ya redio ambao haumo kwenye mchoro wowote kati ya hii mitatu. Nimeufunga tepu, na kwenye plastiki ya mchoro nimeuchora kwa kalamu, na alama ya kuuliza kwenye kila ncha.